Utii wa Waliotutangulia na Safari ya Milele: Habari za Mlima Meru tangu Mwaka 1896

Kwa neema ya Mungu tumefika tena katika mwaka wa yubile, na desturi ya yubile ni kuhesabu. Huhesabiwa makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, wachungaji waliowekewa mikono, na watoto walioletwa kwenye maji ya ubatizo. Hesabu hizo ni njema, nazo zimepewa nafasi yake katika kijitabu hiki. Lakini iko hesabu nyingine isiyoandikwa katika daftari la karani, nayo ni ya wale waliotangulia mbele yetu na sasa wamelala katika udongo wa mlima huu, toka Akeri na Nkoaranga mpaka Ilboru na viunga vya mji wa Arusha.

Basi katika kurasa hizi twataka kuuliza habari zao maswali mawili tu. La kwanza, walimtii Mungu namna gani? La pili, walijiweka tayari namna gani kwa siku ya kufa kwao? Twauliza kwa sababu maswali hayo ni yetu pia, wala hakuna mshirika wa Sokon I wala mwalimu wa kijiji chochote cha Meru atakayeyakwepa. Mtu aweza kuishi miaka mingi bila kujibu mtihani wa shule, lakini mtihani huu kila mtu ataufanya, awe amejifunza au hakujifunza.

Wazee wetu na mauti

Tusidhani ya kuwa mauti ililetwa na Injili, au ya kuwa wazee wa mlima huu walikuwa hawajui kuyafikiri mambo ya mwisho. Waarusha, waliohamia miteremko ya Meru katika karne ya kumi na tisa wakitoka nchi ya tambarare iliyo kusini ya Kilimanjaro, walimjua Mungu kwa jina la Engai, wakamwomba mvua, watoto na ng'ombe. Wameru, waliotangulia kukaa huku na kulima migomba yao, waliwaheshimu wazee wao waliofariki, wakawatolea sadaka, wakaogopa kuwaudhi. Watu hao hawakuwa watu wasio na dini. Walijua ya kuwa mwanadamu si mwenyewe, na ya kuwa yuko aliye juu yake.

Lakini kuhusu maiti, mila ilikuwa ngumu. Katika desturi za Kimaasai, ambazo Waarusha walishirikiana nazo katika mambo mengi, kaburi halikuwa haki ya kila mtu. Mzee mkuu mwenye watoto wengi na mifugo mingi, au mtu mwenye karama ya unabii, huyo alizikwa kwa heshima, na wapitao njia wakaweka jiwe juu yake. Mtu wa kawaida, mwanamke asiye na mtoto, au kijana aliyekufa kabla ya wakati, alipelekwa mwituni akaachwa kwa fisi. Jina lake halikutajwa tena kwa urahisi. Wenye kufanya hivyo hawakuwa wakatili. Machozi yao yalikuwa kama machozi yetu. Ila mauti kwao ilikuwa mlango ufungwao, na aliyekwisha kupita hakuwa na mtu wa kumwita kwa jina.

Tumelitaja jambo hili mapema kwa makusudi. Maana msomaji asipolijua, hatafahamu kwa nini kaburi dogo la kwanza la Mkristo lilikuwa jambo kubwa katika nchi hii, kubwa pengine kuliko jengo la kanisa.

Akeri, Oktoba 1896

Misioni ya Kilutheri ya Leipzig iliingia Kilimanjaro mwaka 1893, ikaanza kazi Machame, halafu Mamba, halafu Moshi. Toka Machame mlima Meru waonekana vizuri asubuhi kabla mawingu hayajapanda, na wale wamisionari walipoutazama walijiuliza ni nani atakayewapelekea Neno watu wanaokaa kule. Mwaka 1896 kazi hiyo waliachiwa vijana wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Wote wawili walitoka nchi za Bahari ya Baltiki, zilizokuwa wakati ule chini ya Kaisari wa Urusi. Hawakuwa bado wamefikia miaka thelathini.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule walifika Meru pamoja na Wachagga waliofuatana nao, wakapiga hema zao Akeri. Mangi wa Wameru, Matunda, aliwapokea. Wakaanza kupatazama mahali pa kujenga. Lakini siku zile zilikuwa mbaya. Nchi ilikuwa imekwisha kupigwa na sotoka ya ng'ombe na ndui katika miaka ya kwanza ya 1890, na habari za Wajerumani wa ngome ya Moshi zilikuwa zimefika kila boma. Tena Kapteni Johannes, mkuu wa ngome ile, alikuwa amepiga kambi karibu pamoja na askari wake. Wapiganaji wa Waarusha na Wameru, wa rika la Talala, waliona Wazungu wenye Biblia hapa na Wazungu wenye bunduki pale, wala hakuwapo mtu wa kuwaeleza tofauti yao. Na kama angalikuwapo, pengine wasingalimsadiki. Waliona ya kuwa nchi yao inakuja kuchukuliwa, nao katika hilo hawakukosea sana.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896 walishuka. Ovir na Segebrock waliuawa katika hema zao, na pamoja nao baadhi ya Wachagga waliokuwa wakiwasaidia.

Twaomba msomaji asimame hapa kidogo, maana mahali hapa wengi hupita upesi. Katika hotuba za sikukuu huwa twasema ya kuwa damu ya mashahidi ni mbegu, kisha twaendelea na wimbo. Lakini vijana wale walikuwa hawajafanya kazi yoyote ambayo mtu aweza kuionyesha. Hawakumbatiza mtu hata mmoja Meru. Hawakujenga ukuta. Lugha ya wenyeji walikuwa hawajaijua. Kwa kipimo cha dunia, utii wao ulikuwa hasara tupu: safari ndefu ya bahari, homa za pwani, mwendo wa miguu nyikani, kisha siku chache na mkuki. Ikiwa utii hupimwa kwa matunda yaonekanayo, basi wao hawakuwa na kitu cha kuleta mbele ya Bwana wao.

Tena tuwakumbuke wale Wachagga. Vitabu vyawataja Wazungu wawili kwa majina yao na miji yao. Wale wengine hutajwa kwa idadi tu, au hawatajwi kabisa. Nao waliondoka nyumbani kwao Kilimanjaro, wakaacha mama zao na migomba yao, wakaingia nchi ya watu waliokuwa wakipigana na watu wao tangu zamani. Ikiwa twasema ya kuwa kifo cha Akeri kilikuwa kifo cha utii, basi ni utii wa watu wote waliolala katika kambi ile. Mbinguni hakuna daftari mbili, moja ya wakubwa na moja ya wachukuzi.

Kisasi, na wafu wasiohesabiwa

Yaliyofuata ni machungu kuyaandika, lakini yubile isiyosema kweli si yubile. Kabla mwaka ule haujaisha, Kapteni Johannes alirudi na askari wake na jeshi kubwa la wapiganaji wa Kichagga. Nyumba za Wameru na Waarusha ziliteketezwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakatekwa. Watu wengi waliuawa, na Mangi Matunda, yule aliyewapokea wageni, alikuwa mmoja wao. Jeshi lilirudi tena mwaka uliofuata. Hata tarehe 2 Machi 1900, pale Moshi, serikali ya Kijerumani iliwanyonga Mangi Meli wa Moshi na wengine kumi na wanane, na miongoni mwao walikuwamo viongozi wa Arusha na wa Meru. Siku zile zile Waarusha na Wameru walilazimishwa kujenga boma la Arusha, ambalo kuta zake zasimama mpaka leo.

Wale vijana wawili hawakuomba kulipiziwa kisasi, nao hawakuwapo tena kusema. Lakini kisasi kililipwa, na watu wa mlima wakaona ya kuwa kwa ajili ya Wazungu wawili nchi nzima imechomwa. Je, ni ajabu kwamba kwa muda mrefu wazee wengine waliposikia jina la misioni walitema mate chini?

Twaandika haya kwa sababu yanagusa swali letu lenyewe la kujitayarisha. Mwanajeshi aliyechoma kijiji cha Meru mwaka 1896 huenda alikuwa amebatizwa tangu utoto wake, na kengele ya kanisa aliijua. Alikuwa na jina la Kikristo, lakini siku ile alimtii mwingine. Na Mmeru aliyekufa katika migomba yake akiwalinda watoto wake alikuwa hajasikia hata neno moja la Injili. Ni nani basi aliyekuwa tayari? Hatujapewa ufunguo wa kulifungua jambo hilo, na anayejifanya anao ajihadhari. Sisi tumepewa kujua hili tu, ya kuwa Bwana katika mfano wake wa hukumu aliwauliza watu habari za wenye njaa, wageni na wafungwa, na wengi walishangaa kwa jinsi walivyojibiwa. Basi jina la Kikristo peke yake si taa yenye mafuta.

Kwa hiyo, tunapoweka maua Akeri, inafaa mioyo yetu iende pia mahali pasipo na msalaba wala jiwe, walipoanguka watu wa nchi hii. Wao nao ni wazee wetu. Washirika wengi wanaosoma kurasa hizi ni wajukuu na vitukuu wa wale waliochoma hema, na wa wale waliochomewa nyumba; na mara nyingi ni mtu yule yule.

Nkoaranga 1902 na Ilboru 1904

Miaka sita baada ya Akeri, yaani mwaka 1902, wamisionari wa Leipzig walirudi Meru, wakaanza Nkoaranga. Mmoja wao akiitwa Arno Krause. Mwaka 1904 kazi ilianzwa Ilboru kwa ajili ya Waarusha. Walirudi bila kudai fidia ya damu ya ndugu zao. Hilo twalihesabu kuwa utii wa pili, nao ulikuwa mgumu kuliko ule wa kwanza. Maana kwenda mahali usipopajua ni rahisi kuliko kurudi mahali ulipoumizwa. Lakini uko utii wa tatu, nao ulikuwa mgumu kuliko yote miwili: utii wa Mmeru na Mwarusha wa kwanza waliokwenda kuketi na kumsikiliza mtu wa kabila la wale waliowanyonga wazee wao.

Kwa nini walikwenda? Tusiwapake mafuta ya utakatifu ambayo wao wenyewe wasingaliyakubali. Wengine walikwenda kwa ajili ya kusoma na kuandika, maana waliona ya kuwa karatasi ina nguvu kuliko mkuki. Wengine walitafuta dawa, wengine kimbilio. Wengine walikuwa maskini ambao katika mila hawakuwa na nafasi kubwa. Mungu huwapokea watu kwa mlango walioujia, kisha huwaonyesha nyumba yote.

Mafundisho ya ubatizo hayakuwa ya siku mbili. Mwanafunzi alijifunza Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, yaani Amri Kumi, Imani, Baba Yetu, Ubatizo, Maungamo na Chakula cha Bwana. Tutazame mpango wake, maana una hekima. Amri zatangulia: yaani kwanza mtu huulizwa habari za utii, naye hujiona ya kuwa hawezi. Kisha yaja Imani: yaani husikia ni nini Mungu amemfanyia asiyeweza. Kisha sala: yaani hufundishwa kuomba nguvu asiyokuwa nayo. Na katika sehemu ya Ubatizo hufundishwa ya kuwa yule mtu wa kale ndani yake hana budi kufa kila siku kwa toba, na mtu mpya kufufuka. Basi mwanafunzi wa ubatizo alizoezwa kufa kabla ya kufa. Kila jioni alikuwa na kaburi lake dogo, na kila asubuhi pasaka yake ndogo. Hayo ndiyo matayarisho ya ahera kama yalivyofundishwa katika mlima huu tangu mwanzo: si jambo la kungojea siku ya ugonjwa, ni kazi ya kila siku kama kuteka maji.

Pale Ilboru, tangu mwaka 1907, alifanya kazi Leonhard Blumer, mtu wa Estonia kama Ovir. Alijifunza Kimaasai, akakaa na Waarusha zaidi ya miaka ishirini. Kwa upande wa Kilimanjaro, Bruno Gutmann alifundisha ya kuwa Mungu hamwiti mtu akiwa peke yake, bali pamoja na ukoo wake, jirani yake na rika lake. Akawafunga vijana wa kipaimara katika vikundi vya kuchungana wao kwa wao. Fundisho hilo lafaa likumbukwe na walimu wetu. Mtu ajitayarishaye kwa milele peke yake, wala hajali jirani yake akiharibika, hajitayarishi vema.

Kaburi la Kikristo

Tumekwisha kusema ya kuwa kaburi halikuwa haki ya kila mtu. Sasa tufikiri jinsi nchi ilivyoshangaa Wakristo wa kwanza walipoanza kufa. Mwanamke mnyonge, mtoto mchanga, kijana aliyeshikwa na ugonjwa wa kuchukiza: wote walioshwa, wakavikwa, wakachukuliwa mabegani mwa ndugu wa usharika, wakaimbiwa, wakalazwa katika ardhi kichwa na miguu vikiwa vimewekwa kwa taratibu, kama watu watakaoamshwa. Halafu jina lilitajwa kwa sauti mbele ya watu wote. Hata siku nyingine lilitajwa tena, wala hapakutokea msiba.

Mahubiri ya ufufuo yaliweza kubishwa, maana wazee wa mlima huu ni watu wa hoja. Lakini kaburi la mtoto, lenye msalaba wa mti na maua yaliyopandwa, ni hoja isiyo na maneno. Lilisema: huyu naye Mungu anamjua, huyu naye ana siku yake, fisi hana neno la mwisho. Twaamini ya kuwa wengi waliingia darasa la ubatizo wakitokea njia ya makaburini.

Katika sharika nyingi za kaskazini iko desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka kabla ya jua kutoka, na kuimba kati ya wafu. Mgeni aweza kuona ni jambo la ajabu, watu wazima na watoto kusimama katika umande wakiimba kwa furaha mahali pa huzuni. Lakini ajuaye desturi za zamani hufahamu. Babu zetu walipakimbia mahali pa maiti. Sisi twapaendea na nyimbo. Umbali wa hatua hizo chache ndio safari yote ya Injili katika nchi hii.

Walimu walipobaki peke yao

Vita ya mwaka 1914 ilipoanza, misioni ilitikiswa. Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi na Arusha, na mwaka 1920 wamisionari Wajerumani waliondoshwa katika nchi. Blumer, kwa kuwa hakuwa Mjerumani, aliweza kubaki. Lakini mtu mmoja hawezi kuzunguka mlima wote. Walutheri wa Augustana wa Marekani walikuja kusaidia baadaye, na watu wa Leipzig walirudi katikati ya miaka ya 1920.

Katika miaka ile ya upungufu, ni nani aliyelishika kanisa? Ni walimu wa vijiji. Mwalimu wa siku zile alifundisha herufi asubuhi, alilima mchana, alisali na wagonjwa jioni, na Jumapili alisimama mbele ya watu. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na mara nyingine haukuja. Hakuwa na mkubwa wa kumwandikia barua ya sifa. Kama utii ungalikuwa kuwaogopa Wazungu tu, mwaka 1920 ungalikuwa mwisho wake; maana waliowaamuru walikuwa wamekwenda zao. Ndipo ilipojulikana ni nani aliyekuwa akimtii mtu, na ni nani aliyekuwa akimtii Mungu. Taa za wengi zilionekana zina mafuta.

Tunda la miaka ile lilionekana mwaka 1934, Lazaros Laiser, mwalimu wa Waarusha, alipowekewa mikono kuwa mchungaji. Na ilipotokea vita ya pili mwaka 1939, na wamisionari wa Leipzig wakatolewa tena, kanisa halikutikisika kama mara ya kwanza; mzigo ulichukuliwa na wachungaji wa nchi, pamoja na msaada wa ndugu wa Augustana. Mwaka 1963 makanisa ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa Kanisa moja. Mambo hayo yameandikwa kwingine. Hapa yatosha kusema ya kuwa mti huo mizizi yake iko katika vibanda vya shule vya wale walimu.

Utii na ardhi

Kuna watu wasemao ya kuwa anayeifikiri ahera huisahau dunia, naye hukubali kuonewa kwa kuwa anangoja mbingu. Historia ya Meru yawajibu. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao elfu tatu toka Engare Nanyuki, ili nchi ile ipewe walowezi wa Kizungu wa kufuga ng'ombe. Nyumba zao zilibomolewa na kuchomwa. Wameru hawakushika mikuki kama mwaka 1896. Walikusanyika, wakachanga fedha, wakaandika barua. Na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York, akaeleza habari ya watu wake. Waliyoyaomba hawakupewa wakati ule. Lakini ulimwengu ulisikia.

Tazama tofauti ya miaka hamsini na sita. Wajukuu wa wapiganaji wa Talala walikuwa na hasira ile ile, tena ya haki, kwa ajili ya ardhi ile ile. Lakini mkono ulishika kalamu. Mtu anayejua ya kuwa yuko Hakimu mkuu kuliko gavana hana haja ya kuua, wala hana haja ya kunyamaza. Mitume walipoambiwa wasiseme, walijibu ya kuwa Mungu hana budi kutiiwa kabla ya wanadamu; wakasema, nao wakakubali kupigwa. Huo ndio utii tunaousifu. Utii wa kuinamisha kichwa mbele ya kila mwenye nguvu si fadhila, nao hautamsaidia mtu siku ile.

Tujiweke tayari

Sasa tugeuke tujitazame sisi wenyewe. Mji wa Arusha umekua, umepanda vilima na kushuka mabonde. Katika kata kama Sokon I wanakaa watu wa makabila mengi, wengi wao wamepanga, na kila mmoja ana nyumbani kwingine anakokutaja kuwa kwao. Mtu akifa mjini, jirani hukusanyika, michango hutolewa, gari hukodishwa, na maiti husafirishwa kurudi kihambani kwa wazee wake. Ni desturi njema ya upendo. Lakini mara nyingine twaona ya kuwa matayarisho ya safari ya maiti ni makubwa kuliko matayarisho ya safari ya roho. Jeneza limepambwa, vyakula vimepikwa, sare zimeshonwa. Na marehemu alikuwa hajasema na ndugu yake kwa miaka kumi.

Basi, ndugu wasomaji, kujiweka tayari ni nini? Tukifuata mfano wa waliotutangulia, twaweza kusema mambo manne.

La kwanza, ni kupatana. Aliye na ugomvi na ndugu, na jirani, na mke au mume, asiuache ulale mpaka kesho. Wamisionari walirudi Nkoaranga bila kudai damu, nao Wameru wakawapokea bila kudai damu. Sisi twashindwaje kusameheana mpaka wa shamba?

La pili, ni kuweka mambo ya nyumba katika haki. Mtu aandike wosia wake akiwa mzima, alipe madeni yake, wala asimwache mjane wake katika mikono ya shemeji wenye tamaa. Ni mara ngapi mama Mkristo amefukuzwa katika kihamba siku chache baada ya wimbo wa mwisho kuimbwa kaburini! Baba aliyejua hatari hiyo akanyamaza, hakujitayarisha vema, hata kama alipokea Chakula cha Bwana kila mwezi. Yule tajiri wa mfano wa Injili aliyejenga ghala kubwa hakuitwa mpumbavu kwa kuwa alilima, bali kwa kuwa alifanya hesabu bila kuuweka usiku mmoja katika hesabu yake.

La tatu, ni kufa kila siku, kama Katekisimo ilivyowafundisha wazee wetu. Kila jioni mtu aulize: leo nimemtii nani? Akiona ya kuwa alimtii mwingine, aseme hivyo mbele za Mungu, alale, na aamke mtu mpya. Ambaye amezoea kufa jioni elfu moja hataiona jioni ya mwisho kuwa ngeni sana.

La nne, ni kuwakabidhi watoto taa. Walimu wapendwa, neno hili ni lenu kwanza. Katika ule mfano wa wanawali kumi, wale wenye busara hawakuweza kuwagawia wenzao mafuta usiku wa manane. Wakati ulikuwa umepita. Lakini mchana ule, madukani yalipokuwa wazi, wangaliweza kuwashika mkono na kwenda nao. Darasa la kipaimara ndio mchana wenyewe. Mwalimu atakayeliona darasa hilo kuwa mzigo wa Jumamosi tu, akawafundisha watoto kukariri bila kuwauliza habari za mioyo yao, ajue ya kuwa saa zinakwenda.

Ovir na Segebrock hawakuvuna kitu walichokiona kwa macho yao. Wachagga waliolala pamoja nao hawakuachiwa hata majina katika midomo yetu. Walimu wa mwaka 1920 wengi wamesahauliwa. Wote hao walitii wasipojua mwisho wake, na walikufa, kila mmoja katika siku yake. Sisi tulio hai katika mwaka huu wa yubile tumeingia katika mavuno wasiyoyaona, nasi kwa zamu yetu twapanda tusiyoyaona. Watakaokuja kuihesabu yubile nyingine watatukuta katika udongo huu huu wa Meru. Mungu na atujalie kwamba watakapouliza habari zetu yale maswali mawili, lipatikane jibu. Na zaidi ya hayo, ya kwamba tupate jibu siku atakapotuuliza Yeye.

Amani ya Mungu iwe pamoja na sharika zote na walimu wote. Amina.